Polisi wa Reli na Jiji Lisilo na Stesheni

Mbarara haina reli. Jiji lina chuo kikuu, viwanda vya maziwa, mabenki na malori yanayonguruma usiku kucha, lakini hakuna aliyewahi kwenda stesheni ya Mbarara kumpokea mgeni, kwa kuwa stesheni haipo. Matoke ya Isingiro hutoka kwa fuso. Saruji, mabati na petroli huingia kwa lori kupitia barabara ya Masaka. Reli ya magharibi, iliyofika Kasese mwaka 1956, ilipita kaskazini kwa Mityana na Kamwenge, kwa sababu ilikuwa ikiifuata shaba ya Kilembe. Ng'ombe wa Ankole, pamoja na wingi wao wote, hawakuweza kuivuta upande wao.

Ukienda hadi Nakivale, habari za treni zinachanganyika zaidi. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Mrundi na Mnyarwanda wametoka nchi ambazo bado hazijasikia honi ya treni. Mkongo wa Kalemie, Kindu au Lubumbashi ameisikia tangu utotoni, hata kama miaka hii inapita kwa nadra. Mwethiopia wa Dire Dawa ametoka mji uliozaliwa na reli yenyewe. Wote hao sasa wanaishi mahali ambapo ulinzi una sura moja wanayoifahamu: kituo cha polisi pale Base Camp, kamanda wa makazi aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kamati za wakimbizi katika kila kijiji. Polisi wa reli hayumo.

Hata hivyo ni askari anayefaa kueleweka huku, tena mapema. Katika mpango wa Uganda wa reli ya kisasa, ile SGR, kuna njia ya magharibi inayopita Bihanga, upande wa Ibanda, na kutoka hapo tawi la kusini-magharibi linateremka hadi Mirama Hills kwenye mpaka wa Rwanda. Mkataba uliotiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi unahusu kipande cha Malaba hadi Kampala tu, kilomita 272, kwa hiyo mtu wa Ntungamo asianze kununua tiketi. Lakini reli haianzi siku treni inapofika. Huanza siku wapima ardhi wanapopigilia vigingi, na tangu siku hiyo kuna mali ya kulindwa na mtu wa kuilinda.

Askari huyu anatofautianaje na wengine? Polisi wa kawaida hupewa eneo. Mkuu wa polisi wa wilaya ya Isingiro ana milima yake, masoko yake, baa zake zenye fujo, na baada ya miaka michache anawajua wezi wake kwa majina. Polisi wa reli hupewa mstari. Mstari huo una upana wa mita chache na urefu wa mamia ya kilomita. Unakatiza wilaya baada ya wilaya, kila moja na wakubwa wake, na hakuna hata mmoja kati yao anayeuhesabu kuwa tatizo lake la kwanza. Bolti ikifunguliwa Tororo, hasara inaonekana Kampala. Ni sawa na ushanga: uzi ukikatika mahali pamoja, punje zote zinamwagika, hata zile zilizokuwa mbali na mkasi.

Wauganda walilipata somo hilo Januari 2008, kwa bei ya petroli. Baada ya uchaguzi wa Kenya kuzua vurugu, wakazi wa Kibera jijini Nairobi waling'oa reli inayopita katikati ya mtaa wao. Hawakuwa na ugomvi na Uganda. Lakini barabara nazo zilikuwa zimefungwa, na kwa kuwa mzigo wa Kampala, Kigali na Goma hutegemea njia ileile ya kutoka Mombasa, mafuta yaliadimika hadi kwenye miji ambayo wengi wa Kibera hawajawahi kuikanyaga. Mwaka 2009 reli hiyohiyo iling'olewa tena. Askari yeyote wa Kibera angekwambia kwamba watu walikuwa na hasira na reli ilikuwa karibu. Polisi wa reli analazimika kulifikiria jambo hilo kutoka upande wa pili: mtaa una watu maelfu, njia ni moja, na nchi nne zinaisubiri.

Huko Kenya, kwa kweli, polisi wa nchi hawakuundwa kwanza kisha wakapewa reli ya kulinda. Mambo yalikwenda kinyume chake. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria, pale panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Kufikia 1902 vikosi vya polisi vilikuwa Mombasa, Nairobi na Kisumu, na kazi yao kubwa ilikuwa kulinda vifaa vya reli na watu walioijenga. Wengi wa askari hao walikuwa Wahindi. Sheria iliyounda rasmi polisi wa nchi ilikuja mwaka 1906. Yaani kabla serikali haijaamua polisi wa raia wawe wa namna gani, polisi wa reli walikuwa tayari kazini, na tabia nyingi za polisi wa kikoloni zilitokana na kazi hiyo ya kulinda mali ya mkubwa dhidi ya watu wanaoizunguka.

Uingereza yenyewe ilipitia njia kama hiyo. Konstebo wa reli ya Stockton na Darlington wanatajwa katika kumbukumbu za mwaka 1826, miaka mitatu kabla polisi wa jiji la London hawajaundwa.

Kati ya polisi hao wa mwanzo, anayekumbukwa kuliko wote anakumbukwa kwa kifo chake. Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alikwenda stesheni ya Kima mwezi Juni 1900 kumwinda simba aliyekuwa akiua watu. Alikaa zamu usiku ndani ya behewa, usingizi ukamchukua, na simba akaingia kwa mlango na kumtoa kwa dirisha. Behewa hilo lipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, na watoto wa shule hupenda kulipanda. Kisa kinasimuliwa kama hadithi ya uwindaji, ila ndani yake kuna maelezo ya kazi. Ofisa wa polisi alikuwa akimwinda mnyama kwa sababu mafundi waliojaa hofu hawajengi wala hawaendeshi treni. Wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kazi haisimami, na chochote kilichoisimamisha, awe mwizi, simba au mgomo, kilikuwa chake.

Wanandi walikuwa jambo zito zaidi. Kwa takriban miaka kumi, tangu 1895, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei, walipinga kuingiliwa nchi yao, na moja ya njia zao ilikuwa kuchukua waya wa simu na vyuma vya reli. Waya ulifaa kwa mapambo, chuma kwa silaha. Vitabu vya wakoloni viliuita wizi. Upande wa Wanandi, reli ndiyo iliyokuwa imevamia, na chuma kilichokuwa kimelala kwenye ardhi yao kilikuwa chao kukiokota. Jibu la serikali lilivuka mipaka ya upolisi: misafara ya kijeshi, Koitalel kuuawa Oktoba 1905 wakati wa mazungumzo ya amani, na Wanandi kuhamishwa mbali na njia ya treni. Reli ikawa salama kwa kuwaondoa jirani zake. Tangu hapo kila mtawala wa reli katika eneo letu ameshawishika kutumia dawa hiyohiyo, kwa vipimo vidogo.

Mwaka 2014 Kampala ilitumia kipimo kimojawapo. Wachuuzi na wakazi waliokuwa wamejenga ndani ya hifadhi ya reli walibomolewa vibanda, polisi wakiwa wamesimama pembeni. Kwa sheria, hifadhi ya reli ni ya reli, na mtu anayekaanga samaki hatua mbili kutoka kwenye chuma yuko hatarini kweli. Treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve ilianza Desemba 2015, na dereva wa treni hawezi kukwepa wala kufunga breki ghafla kama dereva wa bodaboda. Mimi sioni kosa katika kuiweka njia wazi. Ninachokiona ni kwamba wachuuzi hao hawakuvamia reli inayofanya kazi. Walisogelea reli iliyokuwa imelala kwa miaka, na mwenye mali alipoamka, aliyetumwa kwenda kutangaza habari hiyo alikuwa askari.

Hapo tunafika kwenye swali la nani anamwajiri. India, ambako askari wa kwanza wa reli yetu walitoka, waliigawa kazi. Sheria ya mwaka 1957 iliunda kikosi cha kulinda mali ya reli, kilicho chini ya wizara ya reli, na kando yake kila jimbo likabaki na polisi wake wa reli wanaoshughulikia makosa ya jinai kama wizi wa mizigo ya abiria au mauaji ndani ya treni. Kwa muda mrefu abiria aliyeibiwa alisukumwa huku na huku kati ya hao wawili, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2003 na kikosi cha kwanza kikapewa wajibu kwa abiria pia. Marekani kampuni za reli zina polisi wao wenyewe, wenye mamlaka ya kukamata, wanaolipwa mshahara na mwenye mabehewa. Uingereza ina polisi wa usafiri, kikosi kimoja kinachofuata reli kupitia England, Wales na Scotland.

Huku kwetu polisi wa reli ni kitengo cha jeshi la polisi la taifa. Tanzania ina polisi wa reli na polisi wa TAZARA. Kenya ina kitengo chake, na tangu 2018 imeongeza kingine cha kulinda miundombinu muhimu. Uganda nayo ina chake. Wanasaidiwa na walinzi wa shirika la reli, ambao hawana mamlaka ya polisi. Mpangilio huu una faida: askari anaapa kwa sheria ya nchi, hatumikii kampuni. Una pia tatizo ambalo lilionekana wazi kati ya 2006 na 2017, wakati kampuni binafsi ya Rift Valley Railways ilipoendesha reli ya Kenya na Uganda. Njia ilikuwa mali ya mataifa mawili, treni ziliendeshwa na kampuni moja, na ulinzi ukagawanyika pale Malaba kwa sababu askari havuki mpaka na bunduki yake. Behewa linavuka, faili la upelelezi linabaki.

Reli ya Kasese inafundisha jambo ambalo bajeti za ulinzi hulisahau. Treni ziliacha kwenda huko katika miaka ya 1990. Kwa muda chuma kilibaki, kisha kikaanza kupungua: bolti, mabamba ya kuungia reli, mataruma ya chuma, mwisho reli zenyewe. Mtu anaweza kudhani polisi walizembea. Lakini fikiria reli inayofanya kazi inavyolindwa. Dereva anahisi mtikisiko mahali ambapo jana hapakuwa na mtikisiko, anaripoti stesheni inayofuata. Genge la wafanyakazi wa njia linatembea na spana na nyundo, likikaza kilicholegea. Steshenimasta anajua treni ilipita saa ngapi na ya pili inategemewa lini. Hao wote ni macho, na polisi ni mkono unaoitwa na macho hayo. Treni zikisimama, macho yanafumba, na huwezi kuweka askari kila mita mia za njia ya kilomita zaidi ya mia tatu, katika misitu na vinamasi, walinde nyasi. Ulinzi wa kwanza wa reli ni ratiba.

Chuma kinachoibwa, basi, kinakwenda wapi? Kijana anayefungua taruma usiku hana tanuri. Anauza kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani, huyo anauza kwa mwenye lori, na lori linakwenda kwenye viwanda vya kuyeyusha, mji wa Jinja ukiwa miongoni mwa miji iliyovizoea tangu miaka ya 1960. Kila hatua bei inapanda na ushahidi unapungua. Reli ikiwa nzima inajieleza, kwa sababu imechongwa alama ya kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Ikikatwa vipande, askari anahitaji mtaalamu wa kuthibitisha mahakamani kwamba kipande hicho ni cha reli. Ikishayeyushwa imekuwa nondo, na nondo haina kumbukumbu. Ndiyo maana doria ya usiku njiani, pamoja na ugumu wake wote, inakamata watu wadogo tu. Afadhali askari wawili wanaosimama kwenye lango la muuza chakavu mchana kuliko ishirini wanaotembea gizani. Kenya ilifika mbali zaidi: Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi Mei. Kufunga soko zima ni kuwaadhibu maelfu ya waokotaji waaminifu, ila angalau waliolifunga walikuwa wameelewa wizi unaanzia wapi.

Upande wa watu, kazi hii haina sifa nyingi. Machi 2022, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, treni ya mizigo iliacha njia na kuua watu wasiopungua 75. Wengi walikuwa wamedandia, kwa sababu treni ya abiria ni ya kubahatisha na barabara ni mbaya. Wakongo wa Nakivale waliotoka upande huo hawahitaji kuelezwa jinsi watu wanavyopanda juu ya mabehewa na magunia yao. Polisi wa reli anayemshusha mama na mtoto kutoka juu ya behewa la madini anaonekana katili siku hiyo, na hakuna takwimu itakayoandikwa kwamba walifika salama kwa njia nyingine. Lakini pia, bila treni ya abiria, kuwashusha ni kuwaambia wasisafiri, na watarudi kudandia kilomita tano mbele. Askari hawezi kuziba pengo la ratiba.

Kuna uzi mwingine unaounganisha Nakivale na reli, nao ni chakula. Mwaka 2018 Shirika la Chakula Duniani lilisaidia kufufua njia ya reli na ziwa kutoka Dar es Salaam: mabehewa hadi Mwanza, kisha juu ya meli ya MV Umoja hadi Port Bell, Kampala. Uganda ikiwa na wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika, mwendo wa nafaka kwa wingi na kwa bei nafuu ni jambo la kila sahani. Behewa la nafaka hufungwa kwa sili yenye namba, na kazi ya mlinzi inakuwa kuangalia kama namba iliyoondoka ndiyo iliyofika. Wizi mwingi wa mizigo haufanyiki treni ikiwa mwendoni. Unafanyika pale inapongoja: kwenye yadi, kwenye njia ya pembeni ikisubiri kichwa kingine, gatini, mahali ambapo mzigo umetoka mkononi mwa mmoja na haujapokelewa na mwingine. Kuanzia Port Bell hadi Base Camp mzigo unahamia kwenye malori, na hapo polisi wa mstari anamaliza kazi yake, polisi wa eneo anaanza. Gunia likipungua, kila mmoja ana karatasi inayoonyesha kwamba upande wake lilikuwa kamili.

Sasa lete mstari huo Ankole. Nchi hii ni ukanda wa mifugo. Isingiro, Kiruhura na Mbarara zinaishi kwa ng'ombe wenye pembe ndefu ambao hawajui maana ya honi. Waethiopia wa Nakivale wana la kusimulia hapa: reli mpya ya umeme kati ya Addis Ababa na Djibouti, iliyoanza biashara Januari 2018, imesumbuliwa na mifugo kugongwa na nyaya kuibwa, hasa inapokatiza nchi ya wafugaji. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu anamwendea nani? Kituo cha polisi cha karibu kitamwambia hilo ni la reli, na afisa wa reli yuko stesheni ya mbali. Asipolipwa, atakuwa mtu wa mwisho kuripoti kijana anayefungua bolti. Kenya nayo, miaka kadhaa baada ya SGR ya Mombasa na Nairobi kuanza mwaka 2017, ilikuwa bado na wenye ardhi wanaodai fidia zao, na askari wakawa wanalinda njia inayopita katika mashamba ya watu wanaoidai serikali.

Kwa wakimbizi kuna jambo la ziada. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kusafiri ndani ya nchi, na mtu wa Nakivale huja Mbarara kununua bidhaa, kutibiwa au kusoma akiwa na kadi yake iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Askari wa Isingiro na Mbarara wameizoea kadi hiyo. Wanajua inavyoonekana na wanajua haina haja ya kuambatana na pasipoti. Polisi wa reli, kwa asili ya kazi yake, hupangwa kwa mstari, na anayepanda treni Bihanga kukagua abiria anaweza kuwa amefanya kazi yake yote Tororo au Jinja, ambako mwenye kadi kama hiyo hapatikani kila siku. Abiria wa kwanza kutoka Rubondo au Juru, huko Nakivale, atakayeulizwa "kitambulisho" atakutana na mtu wa aina hiyo, treni ikiwa mwendoni, na kituo cha kumwelezea mambo kikiwa kimebaki nyuma kilomita 40.

Kitengo cha polisi wa reli kinaweza kuajiri vijana wa Isingiro na Ntungamo wanaosema Runyankole na Kiswahili, na kinaweza kuwafundisha kadi ya mkimbizi kabla ya kuwafundisha gwaride la stesheni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya uzio. Wapima ardhi wakija Bihanga na vigingi vyao, wenyeviti wa vijiji na kamati za wakimbizi wana haki ya kuuliza jambo hilo katika mkutano wa kwanza, pamoja na lile la ng'ombe.